Unaenda kununua simu mjini Mwanza? Soma hii kabla hujabandikiwa protekta

Mwangaluka wadau. Juzi kati mama mdogo alivuka toka Ukerewe na laki tatu na nusu kaifunga kwenye kona ya kanga, anataka simu ya kupangusa. Kitochi chake kilikuwa hakijafa, ila wateja wake wa dagaa siku hizi wanataka wapigiwe picha mzigo na watumiwe WhatsApp kabla hawajatoa hela, na kila siku kumwomba mtoto wa jirani kulimchosha. Mi ndo nikawa mpambe wake. Tulizunguka mjini toka saa nne asubuhi mpaka saa nane, tukaitwa mama, bosi, shangazi, mzee wa kazi, tukashikwa mkono mara mbili, na nilichokiona siku ile ukijumlisha na siku niliyopigwa mimi mwenyewe miaka ya nyuma, ndo hiki naandika hapa.

Kabla ya hatua yoyote naomba tuelewane kitu. Yule kijana wa fulana yenye nembo ya kampuni anayekupokea mlangoni mara nyingi ni promota, kawekwa pale auze simu za kampuni yake na ana idadi anayotakiwa kufikisha. Sio mtu mbaya, ni mtafutaji kama we. Lakini ukimuuliza yeye "simu gani nzuri" ni kama umeenda Mwaloni pale Kirumba ukamuuliza muuza sangara kama sato ni mtamu.

Hatua ya kwanza: andika kazi za simu ukiwa nyumbani

Nasema andika, sio kuwaza kichwani, maana kichwani kukishaingia taa za duka na mziki kunafutika. Tulichukua karatasi ya daftari, nikamuuliza mama mdogo, hii simu toka asubuhi mpaka usiku itafanya nini? Akataja: kupiga, na sauti iwe kubwa maana ufukweni kuna upepo. Kupiga picha dagaa zikiwa zimeanikwa. Kusikiliza voisi za WhatsApp. Kutuma na kupokea hela. Chaji ikae hata umeme ukikatika. Akanyamaza kidogo akasema, "na tochi, mwanangu, tochi isisahaulike."

Basi hiyo karatasi ndo ilitununulia simu. Angalia kisichokuwepo: hamna gemu, hamna selfi, hamna kuedit video. Kwaiyo mtu akianza kusifia kamera ya mbele tunamsikiliza kwa heshima na tunaendelea na safari.

Karatasi yako itakuwa tofauti. Mdogo wangu anayesoma chuo kikuu pale SAUT yeye anataka kioo kikubwa cha kusomea PDF na memori ya kutosha, tochi hata hajui iko wapi. Bodaboda anataka ramani isigande na simu isife saa kumi jioni. Fundi nguo anataka kamera nzuri kweli maana mishono yake inauzwa kwa picha. Hakuna simu nzuri ya watu wote, na anayekwambia ipo anataka kukuuzia iliyobaki kabatini.

Ongeza na jambo moja ambalo watu wanasahau: uliza nyumbani kwako mtandao gani unashika. Visiwani na vijiji vya pembeni mwa ziwa unakuta laini moja inapanda vizuri nyingine inatafuta tu, kwaiyo kwa mtu wa huko simu ya laini mbili ni lazima. Na hakikisha ni 4G, maana bado zipo za bei ya chini zinazoishia 3G na mtu anakuuzia bila kukwambia.

Hatua ya pili: gawa hela kabla hujavuka barabara

Laki tatu na nusu sio simu ya laki tatu na nusu. Kuna kava, kuna protekta, kuna bando la kuanzia, kuna nauli ya kurudi, na kuna maboksi siku hizi yanakuja bila chaja kabisa, iPhone na Samsung nyingi ziko hivo. Sisi tulitenga elfu hamsini pembeni na nikamwambia mama mdogo, tukiulizwa tuna shilingi ngapi, we sema "tunaangalia kwanza". Ukishataja bajeti umeisha, simu zote utakazoonyeshwa zitaanzia hapo kwenda juu, na ya laki mbili na nusu ambayo ingekutosha hutaiona kwa macho.

Hatua ya tatu: zielewe namba watakazokurushia

Hapa nikae kidogo maana ndo nilipopigwa mimi.

RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, ndo inayofanya simu isigande. Nilinunua simu katika duka moja katikati ya mji, nje ya boksi imeandikwa 8GB kwa maandishi makubwa, na yule dada kanihakikishia "hii kaka haigandi hata siku moja". Wiki ya pili inaganda. Nikaja kuangalia vizuri, chini ya ile 8GB kuna maandishi madogo kama ya masharti ya bahati nasibu: 4+4. Maana yake RAM halisi ni 4, ile nne nyingine simu inajikopesha yenyewe kutoka kwenye memori ya kuhifadhia vitu, na memori hiyo ina kasi ndogo kuliko RAM yenyewe. Sio wizi kisheria, imeandikwa pale, ila nani anasoma? Kwaiyo ukisikia "8GB" uliza, "halisi ngapi, ya kuongezewa ngapi?" Anayejua kazi yake atakujibu hapo hapo. Kwa WhatsApp, kutuma hela na kuperuzi kidogo, 4GB halisi inatosha. 2GB mi siwezi kumshauri mtu tena, labda ni kwa ajili ya kupiga tu na hapo bora kitochi.

Memori ya kuhifadhia vitu. 64GB ya boksi hupati 64 yote, mfumo wa simu wenyewe unakula sehemu yake, na programu za kampuni zinazokuja zimeshawekwa zinakula nyingine. Ingia settings, sehemu ya storeji, uone simu mpya kabisa imeshajaa kiasi gani. Kwa mtu aliye kwenye magrupu matano ya WhatsApp ya ukoo, kanisa na vikoba, chukua 128 kama hela inaruhusu.

Kamera. Megapikseli 50, megapikseli 108, hizo namba ziache. Simu nyingi za namba kubwa zinaunganisha nukta nne kuwa moja, kwaiyo picha ya kawaida ya kamera ya 50 inatoka na kama 12 hivi. Kinachofanya picha iwe nzuri ni lenzi, ukubwa wa sensa na programu inayochakata picha, na hivyo vyote havijaandikwa kwenye bango. Na zile kamera tatu nne nyuma, kwenye simu za bei ya chini moja ndo inafanya kazi ya maana, nyingine zimekaa kama madirisha ya kuchora. Jibu ni kupiga picha mwenyewe, nitakwambia namna.

Betri. 5000mAh ndo kawaida siku hizi, kwaiyo usibabaike nayo. Uliza kasi ya chaji. Chaja ya wati 10 kwa betri hiyo ni karibu masaa matatu, ya wati 33 ni kama saa moja na kitu. Kwa mtu wa mjini haimsumbui, ila kwa anayechaji kwa jirani mwenye sola au umeme unaorudi jioni, hiyo tofauti ni kubwa kuliko kamera zote. Na tundu liwe Type-C, uweze kuazima chaja popote.

Apdeti. Hakuna promota aliyetugusia hili hata mmoja. Simu isipopata masasisho ya usalama inazeeka ndani kwa ndani hata kama kioo kinang'aa, na kuna siku programu zinaikataa. Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 5s, 6 na 6 Plus, na Januari ya mwaka huo huo ilishaziacha Android za zamani zile za 4.4. Kampuni zinatofautiana sana hapa: Samsung kwa Galaxy A16 ya 2024 waliahidi miaka 6, wakati kuna simu za bei hiyo hiyo hata mwaka hazijatajiwa. Tafuta jina la modeli mtandaoni jioni kabla ya kwenda, dakika tano tu.

Na mkikuta vijana wa Tecno, Infinix na itel wanabishana mbele yenu nani zaidi, mcheke kidogo kimoyomoyo, zote tatu ni za kampuni moja ya China inaitwa Transsion, na matengenezo yao wote wanapelekwa Carlcare. Sisemi ni mbaya, mama mdogo mwenyewe mwisho wa siku kachukua mojawapo.

Hatua ya nne: mpya au mtumba

Mtumba wa simu kubwa unaweza kukupa kamera na kioo ambacho mpya ya bei hiyo haikupi, sibishi. Lakini usinunue mtumba kwa mtu anayetembea nayo mkononi stendi, hata iwe bei ya kutupa. Ikija kuwa ya wizi ni we utakayeitwa polisi, sio yeye.

Kwa iPhone mtumba angalia afya ya betri kwenye settings, halafu muuzaji atoe akaunti yake ya iCloud mbele yako na aifute simu yote, uiwashe upya uone haiulizi akaunti ya mtu. Ikiuliza, hiyo ni jiwe la Bismarck lile la pale ziwani, utaliangalia tu. Android nazo ni vile vile kwa akaunti ya Google. Kingine, iPhone za soko la Marekani kuanzia 14 hazina kabisa sehemu ya kuchomeka laini, ni eSIM tu, laini ya ndani ya simu isiyochomekwa. Nimeona mtu kanunua 14 safi, anafika Igoma anatafuta tundu la laini anazungusha simu kama anatafuta mlango wa nyumba ya konokono.

Simu iliyotoka nje pia inaweza kuwa imefungiwa mtandao wa huko. Dawa ni moja: weka laini yako, piga, washa data, pale pale.

Hatua ya tano: ndani ya duka

Hapa ndo pana vita yenyewe. Hizi ndo mbinu tulizokutana nazo siku moja tu.

"Hiyo imeisha mama, ila kuna hii." Umeulizia modeli uliyoiandika, unaambiwa imeisha, unaletewa nyingine ya elfu sabini juu. Toka, nenda duka la tatu mbele, ipo. Maduka ya simu pale mjini yamepangana kama vibanda vya mitumba Mlango Mmoja, kutembea hatua hamsini hakukugharimu kitu.

"Hii ni ya mwisho na ofa inaisha leo." Ofa ya mwavuli na begi. Mama mdogo aliangalia ule mwavuli akauliza, "nikiuacha unapunguza shilingi ngapi?" Kijana akacheka, akapunguza elfu kumi. Kumbe inawezekana.

Halafu kuna hii, na ndo ya hatari: unaulizia tu, mara kijana kashafungua boksi, kachana nailoni, kashika kitambaa anasugua kioo na protekta iko mkono wa pili. Ikishabandikwa unajisikia vibaya kukataa, unaona umemharibia mali, na ukutani pale pameandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Mwambie mapema na kwa sauti ya kusikika, "kaka, usifungue, naomba ile ya kuonyeshea." Akifungua bila kuambiwa, ni yeye kafungua. We hujanunua mpaka umetoa hela.

Na ukibanwa sana usibishane, Mwanza hatugombani kwa vitu vidogo. Sema, "mi nimetumwa kuulizia bei tu, mwenye hela yuko Sengerema." Hiyo haina jibu. Hawezi kumpigia debe mtu aliye ng'ambo ya daraja. Au ile ya siku zote, "sawa, nakuja", na uondoke polepole bila kugeuka nyuma.

Niseme ukweli pia, wapo wazuri. Duka la nne tulikuta binti, akaisoma ile karatasi yetu kuanzia juu mpaka kwenye tochi, akasema "mama hii uliyoishika usichukue, spika yake ndogo, utalalamika." Akatuonyesha ya bei ya chini kuliko ile. Ukimpata wa hivo, nunua kwake na umpelekee wengine.

Hatua ya sita: ijaribu kama unakagua mzigo

Mama mdogo hawezi kununua gunia la dagaa bila kuingiza mkono mpaka chini, kwaiyo nilimwambia simu ni hivyo hivyo. Na ukizingatia kurudisha simu kutoka Nansio, kule kwake Ukerewe, ni nauli ya meli kwenda na kurudi na siku nzima ya kazi imepotea, robo saa dukani sio nyingi.

Toka nayo kibarazani kwenye jua. Ndani ya duka kila kioo kinang'aa. Saa saba mchana nje ndo utajua, simu ya kwanza tuliyoitoa nje mama mdogo alijiona uso wake tu kama kwenye kioo cha saluni, namba hazisomeki. Muuzaji akikataa kutoka, atoke nayo yeye, we umfuate.

Piga simu kwa mtu halisi, sio namba ya huduma. Sikiliza, halafu muulize yeye anakusikiaje na makelele ya barabarani. Weka spika.

Shika alama ya programu moja na uiburute polepole kioo kizima, juu chini, pembeni zote. Ikidondoka sehemu ile ile kila ukipita, hapo kioo kimekufa.

Kamera: zima ile biuti inayolainisha uso, halafu piga kiganja chako na kipande cha gazeti au risiti, vuta uone kama maandishi yanasomeka. Picha ya ua la mapambo dukani hata simu mbovu inaitoa.

Kidole nacho. Hii sikuitegemea kabisa. Promota kashika kidole cha mama mdogo kukisajili, simu inakataa, kakijaribu kingine, inakataa, wakafuta kwa kitambaa, inakataa. Vidole vya mtu aliyeanika dagaa miaka ishirini michoro yake imesagika, sensa haioni kitu. Kama wewe au mzazi wako ni wa jembe, nyavu au sementi, jaribu kidole kabla ya kulipia, na msipange kuitegemea. Sisi tuliweka namba ya siri.

Chomeka chaja uone inaingiza. Washa tochi. Basi.

Hatua ya saba: IMEI na risiti

Bonyeza *#06#, itatokea IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, simu ya laini mbili inatoa mbili. Linganisha na zilizoandikwa kwenye boksi, zifanane zote. Halafu tuma hiyo IMEI kwa meseji kwenda 15090, ni utaratibu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, unajibiwa simu ni ya aina gani. Ukiambiwa modeli nyingine na iliyopo mkononi mwako, iweke mezani. Wakubwa mnaokumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa nchi nzima usiku mmoja hamhitaji kuelezwa zaidi.

Risiti iwe ya mashine ya EFD, yenye bei uliyolipa kweli, na IMEI iandikwe kwenye risiti au kadi ya waranti na mhuri. Uliza waranti inaanza lini na inafunika nini. Kioo kuvunjika na maji kuingia kwa kawaida havimo, na kwa watu wa ziwani hilo neno maji lina uzito wake. Ukiambiwa "hii haiingii maji" uliza imeandikwa IP ngapi, hicho ndo kipimo cha kuzuia vumbi na maji. IP54 ni marasharasha tu, ikidondoka kutoka kwenye mtumbwi ndo imeenda.

Kuhusu simu za mkopo

Mi sio adui wa mkopo, kuna bodaboda simu ya mkopo ndo imemtoa. Ila piga hesabu mwenyewe, usipigiwe. Tuseme kianzio elfu hamsini na kila siku buku kwa mwaka mzima: siku 365 ni 365,000, jumlisha kianzio ni 415,000. Kama dukani kwa keshi simu hiyo hiyo ni 270,000, umelipa laki na arobaini na tano kwa ajili ya kusubiriwa. Inaweza kukufaa, lakini ijue. Na ujue pia ukichelewa simu inajifunga yenyewe, na inajifunga siku ambayo huna hela, ambayo mara nyingi ndo siku unayoihitaji kupiga. Mama mdogo aliposikia hapo alisema biashara yake ina wiki za mbalamwezi ambazo taa za wavuvi hazivuti dagaa na hela haipo, huyo mtu wa kila siku atamlipa nini? Akalipa keshi.

Ukifika nyumbani, washa apdeti ukiwa kwenye wifi ya mtu, usimalize bando lako. Tumia kila kitu siku saba za mwanzo, ujue tatizo mapema. Boksi usimpe mtoto achezee. Na IMEI iandike sehemu ambayo simu ikipotea haipotei nayo. Mama mdogo kaiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa stoo ya dagaa, chini ya majina ya wanaomdai na anaowadai.